Mwaka Ng'ombe Walipojenga Bwawa

Chai ilianza kutetemeka kabla yangu. Nilikuwa kwenye kibanda pale Katesh, nimefika nusu ya kikombe, nikaona maduara yanatembea juu ya chai kutoka katikati kwenda ukingoni, na hakuna aliyegusa meza. Kisha mabati yakaanza kulia, birika likacheza juu ya jiko, na mama muuza chai akatangaza kwamba hakuna kutoka kabla ya kulipa. Hakusikilizwa. Tangu mlima ututeremshie tope, watu wa mji huu hawasubiri maelezo; ardhi ikikohoa tu, wote tuko barabarani, wengine na vijiko mkononi. Halikuwa tetemeko refu. Nilihesabu watu tuliokuwa kibandani, nikahesabu tena, wote wapo. Mama wa chai naye alikuwa anahesabu, kwa sababu zake. Vumbi halijatulia, simu yangu ikalia. Alikuwa Injinia Anjela, mstaafu wa Dodoma, mtu ambaye hunipigia Krismasi na kwenye misiba tu.

"Tluway, mko salama?"

"Tuko salama. Chai ndiyo imemwagika."

"Achana na chai. Nenda Gehandu, kwenye bwawa. Watu watakuonyesha ufa juu ya tuta, usipoteze muda nao, ufa juu lazima uwepo. Wewe shuka chini, kwenye lile bomba linalotoa jasho la tuta. Kinga maji kwenye glasi uniambie rangi. Yakiwa safi, tuta limeshika. Yakiwa ya tope, udongo unatoka tumboni, na hapo uwahamishe wote wanaokaa chini ya bwawa, usingoje kikao."

"Nianze na nani?"

"Unajua nyumba ya kwanza ni ya nani."

Nilijua. Nikaomba glasi kwa mama wa chai. Alitaka dhamana, nikamwachia kofia, nikapanda bodaboda. Barabara ya kwenda Gehandu inaumiza kiuno, lakini inatosha mtu kuukumbuka mwaka mzima, na mwaka niliokuwa nao mimi ulikuwa mmoja tu.

Nilikuwa sijafika thelathini. Nilikuwa dalali wa ng'ombe mnadani Katesh, na wale wasiojua kazi hiyo niwaeleze: dalali hana ng'ombe. Ana mdomo na ana jina. Anasimama kati ya anayeuza na anayenunua, anaapa kwamba huyu fahali ni mzima, na siku fahali akianguka njiani, jina la dalali linaanguka naye pale pale. Injinia Anjela alikuja mjini kiangazi kinaanza, amevaa buti za mpira, amebeba mrija mrefu wa ramani. Mwenyekiti wa kamati ya bwawa, Mzee Safari, mkulima wa Gehandu mwenye shamba zuri la mahindi, alimpokea kwa kutazama nyuma yake, akimtafuta injinia. Hakukuwa na mwingine. Mimi nilitakiwa nimtafutie chumba, nikampatia mtaa wa Jorodom, nyuma ya mashine ya kusaga. Nyumba ile haipo tena. Tope liliuchukua upande ule wa mtaa, na nikipita pale siku hizi nashindwa hata kujua mlango ulikuwa umeelekea wapi. Lakini nikifumba macho nakiona chumba chote: kitanda cha kamba, meza yenye mguu mmoja mfupi, unga ukipenya kwenye matundu ya mabati na kutua juu ya ramani, hata Injinia akawa anazipuliza kila asubuhi kama mtu anayepuliza moto. Tulikula humo, ugali na maziwa ya mgando, wakati mwingine makande, mimi na yeye, na Mzee Safari akija kuleta malalamiko.

Malalamiko yalikuwa ni tuta. Mzee Safari alitaka tuta jembamba lililosimama, lisile shamba. Ramani ilionyesha tuta pana, limelala pande zote mbili, na upande mmoja umelalia mahindi yake. "Dada yangu," alisema, "nimeona mabwawa. Bwawa ni ukuta. Ukuta husimama."

Injinia hakubishana. Alichukua beseni la kuoshea vyombo, akajaza mchanga wa mtoni, akamimina maji mpaka yakazama yote, akamwambia mzee, "Nipe kufuli lako." Akaliweka juu ya mchanga. Likakaa vizuri tu. "Hili ndilo tuta lako. Limesimama, sherehe imefanyika, mgeni rasmi ameondoka." Kisha akaanza kugonga ubavu wa beseni kwa mwiko, taratibu. Mchanga ukang'aa, maji yakapanda juu, na kufuli likazama mbele ya macho yetu kama limeitwa. Mzee Safari akaingiza vidole kulitafuta. "Ardhi ikitikisika," alisema Injinia, "mchanga uliolegea wenye maji hugeuka uji. Na hapa kwetu itatikisika, hili Bonde la Ufa halijamaliza kazi yake." Akamwaga ule mchanga, akaupanga tena kidogo kidogo, una unyevu tu, kila tabaka akilishindilia kwa ngumi. Akaweka kufuli, akagonga mpaka mwiko ukavunjika. Kufuli halikusogea. "Kwanza tunaondoa mchanga wote uliolegea pale chini. Halafu tuta letu litalala kama ng'ombe aliyeshiba. Halitasimama kama mbuzi juu ya jiwe."

"Na huo mtikisiko utakuja lini?"

"Sijui."

"Kwa hiyo natoa mahindi yangu kwa ajili ya siku usiyoijua."

"Ndiyo."

"Hiyo ni kazi ya kanisa," alisema Mzee Safari, akafuta kufuli lake kwa shati na kuondoka. Lakini alitoa kipande cha shamba. Nilimwona akipima kwa miguu, akarudi akapima tena, nikampenda.

Katikati ya kiangazi, mashine ya kushindilia ikavunjika. Kipuri chake kilikuwa mbali, na kilisemekana kiko njiani, maneno ambayo mtu wa mnadani anayajua maana yake. Tuta lilikuwa limefika magotini. Udongo wa mfinyanzi ukimwagwa bila kushindiliwa ni lile beseni la kwanza. Kuacha mpaka mwaka mwingine maana yake mvua ikute kazi katikati na kuifagia yote. Ndipo Injinia, ugali mkononi, akasema kwamba zamani, kabla ya mashine, watu walishindilia matuta kwa kwato. Ng'ombe ana uzito mkubwa na unyayo mdogo, anakanyaga mpaka ndani. "Nahitaji kundi kubwa, liende na kurudi juu ya kila tabaka, mpaka kwato ziache kuzama." Kisha akanitazama. Hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu mwenye ramani kuniuliza jambo la kazi yangu.

Kundi kubwa kuliko yote uwandani lilikuwa la Mama Udamari, mjane, mfugaji, mwanamke ambaye madalali wenzangu walikuwa wanapeana zamu ya kushindwa naye. Alikuwa anajiandaa kuhamisha ng'ombe kwenda Yaeda Chini, maana madimbwi yalikuwa yanakauka. Nilimkuta ndani ya nyumba yake ya udongo, moshi umetanda, vibuyu vimening'inia, akanipa maziwa yenye harufu ya moshi huo huo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si ndiye unayehesabu ng'ombe za watu mara mbili?"

"Mara ya kwanza ni heshima, mama. Ya pili ndiyo hesabu."

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akawageukia wanawe. "Nimeombwa maziwa. Nimeombwa ndama. Nimeombwa binti. Leo nimeombwa kwato." Wakacheka mpaka nikacheka nami. Alipomaliza, uso ukabadilika. "Nikibaki hapa na bwawa lisishike maji, ng'ombe zangu watakufa wangapi?"

Ningeweza kudanganya, kazi yangu ina nafasi hiyo. Nikasema, "Wote. Na mimi sitasimama tena mnadani."

"Wewe kusimama hakunyweshi ndama." Akaniongezea maziwa. "Watakunywa wa kwanza?"

"Wa kwanza. Kabla ya ng'ombe wa kamati, kabla ya ng'ombe wa diwani."

Tukagonganisha mikono. Na mnadani, mikono ikishagongana, biashara imefungwa. Anayerudi kuifungua anaonekana mwizi wa mchana.

Siku zilizofuata ndizo naziona hata sasa nikisikia kengele ya ng'ombe popote. Vijana wa Katesh wanamwaga udongo, akina mama wa Gehandu wanaunyunyizia maji, Injinia anauminya kwenye ngumi: ukishikamana na ukikatika vipande viwili bila kuchafua kiganja, sawa, ukiwa vumbi, maji zaidi. Kisha wana wa Udamari wanapiga mluzi na ng'ombe wanapanda, wanakwenda mpaka mwisho wa tuta, wanageuzwa, wanarudi. Tabaka lisizidi unene wa shubiri. Shida ikawa mavi. Injinia hakutaka hata kidogo ya mavi ndani ya tuta. Yanaoza, yanaacha matundu. Ikabidi yaokotwe kila ng'ombe wakishuka, na hapo ndipo vita ikazuka, maana wakulima waliyataka kwa mashamba na wafugaji waliyataka kwa kusiriba nyumba, na kila upande ulisema ng'ombe wameyadondosha juu ya haki yake. Nimedalali fahali, nimedalali punda, lakini heshima niliyoipata kwa kugawa mavi sijaipata tena. Ya kwenda kwa wakulima, ya kurudi kwa wafugaji. Hakuna aliyeridhika, ndiyo dalili ya mgao mzuri.

Tuta likapanda. Mawingu nayo yakaanza kupanda nyuma ya mlima. Injinia alikuwa amekwenda upande wa Mbulu kutafuta mchanga safi wa chujio, ule unaowekwa ndani ya tuta ili jasho la maji litoke bila kubeba udongo. Aliporudi tukakaa kula makande kwenye banda la stoo pale Gehandu, na upande wa pili wa bati tukasikia watu wawili wanaongea, wasiojua tumo ndani. Mmoja alikuwa fundi mkuu wa mkandarasi.

"Upande wa magharibi tumemwaga tabaka nene, kavukavu, ng'ombe wamepita mara moja. Basi. Nani atapasua tuta aangalie tumbo lake?"

Wa pili alikuwa Mzee Safari. Sauti yake haikuwa ya mtu mbaya. Ilikuwa ya mtu anayetazama mawingu. "Mvua ikikuta pengo, tumekosa vyote. Funika."

Mimi niliacha kutafuna. Injinia hakuacha. Alitafuna mpaka akamaliza makande yake, akanawa mikono, akatoka nje na nondo ndefu. Mzee Safari alikuwa bado amesimama pale. "Mwenyekiti, shikamoo. Nisindikize."

Wakapanda tuta, mimi nyuma yao. Upande wa mashariki akampa mzee nondo aichomeke. Aliisukuma kwa uzito wake wote, ikaingia kidogo ikagoma. Wakaenda magharibi. Akaisukuma tena kwa nguvu ile ile, na nondo ikazama mpaka mkono wa mzee ukagusa udongo. Alibaki ameinama hivyo kwa muda. Aliponyooka alisema, "Hapa ndipo lilipozama kufuli langu."

"Tunachimba?" aliuliza Injinia.

"Tunachimba. Lakini ng'ombe ndio wameshaagwa."

Ni kweli. Mama Udamari alikuwa amemaliza sehemu yake, ng'ombe wamekonda, wanawe wamefunga mizigo ya Yaeda. Na mimi ndiye niliyetakiwa kwenda kufungua mikono iliyogongana. Nawaambia ukweli, njiani nilitafuta maneno kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani, na nilipofika sikuwa nalo hata moja.

"Mikono iligongana, Tluway."

"Iligongana, mama. Nimekuja kuifungua." Nikamwambia yote: tabaka nene, nondo, kufuli. "Tukifunika, hakuna atakayejua."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ardhi itikisike."

Alitazama nje, kule tuta lilipo, kisha nyumba yake, iliyoko chini ya tuta. Hakuhitaji beseni. "Nikikubali, nataka birika la kunyweshea liwe chini, upande wangu. Ng'ombe zangu wasipande tena kwenye tuta lenu."

Hapo moyo wangu ulirukaruka kama ndama, maana hicho ndicho Injinia alichokuwa anakililia tangu siku ya kwanza: ng'ombe wasikanyage tuta tena likishamalizika. Alikuwa ananiomba kitu ambacho tungemlazimisha akichukue. Nikafanya kazi yangu. Nikashika kichwa. Nikasema kamati haitakubali, bomba ni refu, Mzee Safari ana kisirani. Nikashika kichwa tena. Tulimaliza kibuyu kizima cha maziwa nikihema kwa huzuni, na mwisho nikasema, sawa, nitabeba lawama. Akaitikia kwa kichwa kuridhika, na nilipokuwa nainuka akaongeza, kama mtu aliyekumbuka kufuli la mlango: "Na njia. Kutoka uwandani mpaka birika, katikati ya mashamba. Isilimwe."

"Njia nayo," nilisema kwa wepesi wa mshindi.

Mzee Safari aliposikia habari ya njia alinguruma mpaka kuku wakakimbia. Ilipita kwenye mahindi yake. Lakini alikwenda akapima kwa miguu, akarudi akapima tena, na hakupunguza hata hatua. Sehemu ya magharibi ikachimbuliwa yote, ikarudishwa shubiri kwa shubiri, na ng'ombe waliokonda wakatembea juu yake kwenda na kurudi huku ngurumo zinasikika mlimani. Tone la kwanza lilimdondokea Injinia kwenye ramani wakati ng'ombe wa mwisho wanashuka. Mvua ilinyesha kama iliyokuwa imeshikwa kwa kamba. Asubuhi moja tukaamka, na pale palipokuwa na vichaka palikuwa na anga ndani ya maji. Ng'ombe wa Udamari walikunywa kwanza, kwenye birika, diwani akisubiri na ng'ombe wake. Niliposimama mnadani wiki ile, watu walinipisha.

Miaka ikapita juu ya tuta, na ardhi haikusema kitu. Wengine walianza kunitania: "Tluway, mtikisiko wako umepotea njia?" Nilicheka nao. Lakini kila nikifika Gehandu nilishuka kwenye bomba nikalitazama lile jasho.

Leo nilikuta watu wamejaa juu ya tuta. Ufa ulikuwepo, mwembamba, kidole hakiingii, na tuta lilikuwa limekaa chini kidogo kama mzee kwenye kiti chake. Kila mtu alitaka kunionyesha. Nikawapita, nikashuka, magoti yakilalamika. Mzee Safari hayupo. Tulishamzika, na kaburi lake linapakana na ile njia. Mama Udamari alikuwepo, amekaa kwenye ukingo wa birika na fimbo yake, mifupa na macho tu. Hakuwa amehama. Wajukuu walikuwa wamesimama na vifurushi, wanamsubiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wamesema nikimbie. Nimesema dalali hajaja."

Nikatoa glasi, nikaifuta kwa shati. Bomba lilikuwa linatoa uzi ule ule wa maji. Nikakinga. Nikainua glasi kwenye jua. Niliona kucha zangu ng'ambo ya pili. Niliona hata uchafu wa kucha.

Nikapiga simu, nikaweka sauti juu. "Injinia. Safi."

Ikaja sauti ndogo sana kwa mtu yule: "Sema tena."

"Safi kama macho ya mtoto! Limeshika! Magharibi na mashariki, lote limeshika!" Juu ya tuta walisikia, na kelele iliyopigwa ilikimbiza ng'ombe. Wajukuu walitupa vifurushi chini. Injinia alikuwa anacheka au analia; simu haikutofautisha.

Udamari akaomba azungumze. "Injinia, vile vigingi vyako vyekundu vilipigwa mahali pazuri."

"Vigingi gani?" niliuliza.

"Vya birika. Vilikuwa vimepigwa upande wangu tangu kiangazi kinaanza. Ndama wangu alijikwaa hapo." Akanigeukia. "Na wewe ukakaa kwangu kibuyu kizima unashika kichwa."

Nilihesabu miaka ambayo nimejisifu kwa biashara ile. Sikurudia kuhesabu. "Sasa kama ulijua, birika uliliombea nini?"

"Ili uchoke. Mimi nilitaka njia."

Simu ilicheka mpaka ikakwaruza. Nyuma yetu ng'ombe walikuwa wanateremka kwa ile njia, kati ya mahindi ya wana wa Safari, wanakuja kunywa kama siku yoyote nyingine. Nikajikaza kama mtu mwenye kazi rasmi, nikamwaga maji, nikakinga glasi ya pili, maana kipimo kimoja si kipimo. Kabla sijaiinua kwenye jua, Udamari aliichukua mkononi mwangu.

"Tluway," Injinia aliita, "ya pili vipi?"

Mama Udamari aliipindua glasi kunionyesha iko tupu, akafuta mdomo.

"Mwambie ya pili nimeinywa."